Kumi Ni Kisigino

Wino mwekundu haukauki haraka Tanga, hewa ina unyevu mno, na Mwantumu Singano hana pa kwenda Ijumaa hii, kwa hiyo anakaa kuungoja. Chumba chake cha kuchapia kiko ghorofani, juu ya fundi cherehani ambaye kila Ijumaa hufunga saa sita kamili na harudi mpaka Jumamosi, na bila mlio wa cherehani nyumba nzima inakuwa kimya kiasi cha mtu kusikia tumbo lake mwenyewe. Mezani kuna kitambaa cha majaribio, na juu yake mkono mmoja mkubwa ulioinuliwa, vidole vitano vimenyooka, unapendeza. Mkono huo si ubunifu wake. Ameutoa kwenye bango la zamani, la mgomo wa wakata mkonge wa shamba la Kwamzizi, miaka mingi kabla yeye hajazaliwa, bango alilolikuta limekunjwa mara nne ndani ya sanduku la makaratasi ambayo hakuna aliyeyataka. Lilichongwa kwenye ubao na mtu aliyekuwa na haraka, likachapwa kwa rangi moja, na lilikuwa na nguvu ambayo Mwantumu hajawahi kuipata kwa kompyuta wala kwa kalamu. Ila mkono wenyewe ulikuwa na vidole vinne. Mchongaji kakosea, alijisemea, au ubao umemwishia, na kwa huruma ya fundi kwa fundi mwenzake akamwongezea cha tano. Kazi ya dakika mbili. Kitambaa ni cha wanawake wa kiwanda cha magunia, ambao Jumatatu wanaandamana, na leo saa kumi na moja jioni kiongozi wao, Bi Mwanamvua, anakuja kukitazama. Akikikubali vinachapwa mia mbili, akikikataa hakuna muda wa kutafuta kingine na wale akina mama watatembea mikono mitupu. Barua yao ya madai ina kurasa tatu. Mwantumu aliusoma ule mmoja tu unaotaja ukubwa wa kitambaa. Asubuhi alimtumia Bi Mwanamvua picha kwa simu, na jibu likarudi fupi: mkono mzuri, wa nani? Alikasirika. Swali gani hilo, mkono ni mkono, ni alama. Lakini tangu hapo swali limemkwama kooni kama mwiba wa samaki, hajalijibu, na hana wa kumuuliza, maana anaishi peke yake, anafanya kazi peke yake, na siku nyingine sauti ya kwanza anayoisikia ni yake mwenyewe akiugombeza wino.

Analaza kichwa mezani, shavu kwenye ukingo wa kitambaa, afumbe macho kidogo tu. Feni inazunguka. Hajui ni saa ngapi meza inageuka kuwa skrini, ile hariri iliyovutwa kwenye fremu ambayo wino husukumwa kupita, anajua tu kwamba sasa anayesukumwa ni yeye. Anapita katika yale matundu madogo, kidogo kidogo, nywele, paji, mabega, na anatokea upande wa pili akiwa mzima lakini amegeuka kinyume: kovu la goti la kushoto liko goti la kulia, na moyo unadunda upande usiouzoea. Mbele yake kuna barabara. Kulia mistari ya mkonge, kushoto mistari ya mkonge, imenyooka mpaka macho yanachoka, na kila anapodhani amefika mwisho wa mstari, mstari unapinda taratibu na kumrudisha mwanzo, ila mwanzo nao umeshahama. Mkononi ana kifurushi kidogo cha karatasi ya kunakilia. Anakifungua. Ndani kuna kile kidole alichokiongeza, hakina damu wala ukucha, ni rangi nyekundu tu yenye umbo, lakini kina joto, kama yai lililotoka kutagwa. Na anajua, jinsi mtu anavyojua mambo ndotoni bila kuambiwa, kwamba lazima akifikishe kwa mwenyewe kabla ya saa kumi na moja, la sivyo atabaki huku, na huku hakuna mtu. Anaanza kutembea.

Barabara inamwingiza katika mji ambao kuta zake zote zimebandikwa mabango, bango juu ya bango, unene wa godoro. Ni mabango ya watu waliowahi kukataa: wapagazi wa bandarini, wachimbaji, wanafunzi waliofukuzwa, kina mama waliokalia njia ya reli na watoto mgongoni. Mwantumu anasahau safari. Ndiyo tabia yake, akiona rangi nzuri akili inahama. Anabandua wekundu wa bango moja, anabandua ngumi ya jingine, anakata mstari wa wanawake wanaotembea, anakunja, anatia mfukoni, na anajiambia kwamba haibi, anatafuta msukumo tu. Kila anapobandua, ukutani panabaki tundu, na upepo wa baridi unapita hapo ukimpiga usoni. Mfuko umeshakuwa mzito anapogundua kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake. Amevaa kaptura ya kaki na kofia ya majani, na kofia inapoinuka chini yake hakuna uso. Hakuna macho, hakuna pua, ni rangi moja tu iliyolala kama ubao uliopigwa randa. Mwantumu anaogopa, halafu anaona haya, kwa sababu anaitambua kazi ile. Ni yake. Mwaka juzi alichora wapagazi kwa ajili ya jalada la kalenda, na nyuso zao akazifuta zote ili mchoro uwe mwepesi.

Anamsalimu, anamwambia anatafuta mwenye kidole. Yule mtu anasema, na sauti inatoka kifuani, kitendawili. Mwantumu anajibu tega, maana hata ndotoni mtoto aliyelelewa vizuri hujibu tega. Nasimama kinyume ili nisomwe sawasawa. Kioo, anasema Mwantumu haraka. Yule mtu anatikisa kichwa kisicho na uso na kusema lile neno ambalo kila aliyewahi kushindwa kitendawili analijua: nipe mji. Hilo ni jambo la watoto jikoni, ugali ukiiva, mtu anatoa miji kumi na kesho yake ipo palepale. Mwantumu anacheka na kumpa Muheza, kwa kuwa ndiko kwa dada yake, ndio mji uliomjia kwanza. Yule mtu anajinyoosha. Anasema, nimefika Muheza, nimekaribishwa, nimemenyewa machungwa, nimekaa kwenye kiti cha dada yako barazani, nimeuliza habari zako, na dada yako ameniambia hana mdogo. Kisha anasema jibu lilikuwa ubao wa kuchapia, uliochongwa kinyume, wewe si mchapaji? Mwantumu anageuka kutazama barabara. Penye kibao cha Muheza pana mkonge tu. Anajaribu kukumbuka mlango wa dada yake una rangi gani na rangi haiji, anajaribu jina la mtoto wa mwisho wa dada yake, halipo. Hacheki tena.

Anatembea. Kutembea kwenyewe ni kama kuota ndani ya kuota, mguu unakanyaga na ardhi inasogea kwa muda wake. Anafika mji wa vioo, nyumba za vioo, misikiti ya vioo, ngazi za vioo, na mitaani wamejaa watu wote wakiwa wameinua mkono. Anafurahi, hapa hatakosa mwenyewe. Anamwendea wa kwanza, anamwonyesha kidole, samahani ndugu yangu, hiki ni chako? Yule anamwonyesha kiganja: vidole vitano. Wa pili, vitano. Wa ishirini, vitano, vimenyooka, vizuri, sawasawa kabisa na vya jirani yake, kwa sababu ni mkono mmoja tu ulionakiliwa. Hakuna anayepungukiwa na kitu. Hakuna anayehitaji kuletewa kitu. Na kila anayemgeukia anajikuta anatazama paji lake mwenyewe, mashavu yake mwenyewe, uchovu wake mwenyewe, ni yeye kwenye kioo, na yeye, na yeye, umati mzima wa Mwantumu na hakuna hata mmoja wa kumwambia pole. Anaketi kwenye ngazi. Upweke wa chumbani kwake aliuzoea, una harufu ya wino na mlio wa feni, lakini huu ni wa aina nyingine, unaumiza mbavu.

Mwanamke asiye na uso anaketi kando yake, amebeba mtoto mgongoni ambaye naye hana uso, na Mwantumu anawajua hawa pia, wametoka kwenye njia ya reli, aliwatumia kwenye fulana. Mwanamke anasema kitendawili. Mwantumu hataki, anasema amechoka, anauliza kama kuna njia nyingine. Hakuna njia nyingine. Tega basi. Nilizaliwa bila jina ili mama yangu asikamatwe. Kinachomtoka Mwantumu mdomoni ni mtoto wa nje ya ndoa, na hapohapo anajua ni upuuzi na uso unamwaka. Ni bango, anasema mwanamke kwa upole. Ni bango lisilotiwa sahihi. Nipe mji. Mwantumu anampa Korogwe. Mwanamke anasema Korogwe hautoshi, umeutoa bila uchungu, nipe mji wenye kitu chako ndani. Anabaki ameshikilia kifurushi kwa mikono miwili. Kisha anasema, kwa sauti ya chini, Tanga. Mwanamke anasema nimefika Tanga, nimepanda ngazi za chumba chako, nimeketi kwenye kigoda chako, nimesafisha skrini zako na kuzining'iniza vizuri kuliko unavyoziacha wewe, na mpaka jioni hakuna aliyebisha kukuulizia. Hilo la mwisho ndilo linalomliza Mwantumu, maana mengine angeweza kusema ni uongo wa ndoto.

Vioo vinayeyuka na kuwa mistari ya mkonge tena. Sasa barabara ni moja tu na mwisho wake unaonekana, kwa sababu mji wenye kitu chake ndani umebaki mmoja. Anauona kwa mbali kabla hajalitaja jina lake: kota ndefu za matofali, mabati yenye kutu, bomba moja la maji kwa nyumba thelathini, na kule nyuma kishindo cha korona, ile mashine ya kuchakata mkonge iliyokuwa na jina hilo zamani sana, kabla ugonjwa haujalichukua. Kwamzizi. Aliishi hapa miaka miwili akiwa mdogo, kwa bibi yake mzaa baba, Siwema binti Mbaruku, halafu bibi akafa na wazazi wakamchukua, na tangu hapo hakuwahi kurudi wala kufikiri kurudi. Hata alipolikunjua lile bango na kusoma jina la shamba, aliliona kama herufi nzuri zilizopangwa vizuri. Ndiyo aibu yake kubwa, na mimi ninayesimulia siwezi kumfichia.

Mlangoni mwa kota ya saba ameketi mwanamke mzee, kanga moja kiunoni, nyingine mabegani, mkono wa kulia unachambua mchele, wa kushoto umefichwa ndani ya kanga. Mwantumu anapiga magoti. Shikamoo, bibi. Marahaba, inasema sauti, na sauti ni yenyewe, ina ule mkwaruzo wa vumbi la nyuzi, lakini kanga imefunika kichwa na ndani ya kanga hakuna uso. Huu hakuufuta yeye kwa kalamu. Huu ameusahau. Anatafuta akilini pua ya bibi yake, meno yake, na anakuta mkono wa kulia tu, unachambua mchele, na ule wa kushoto ndani ya kanga, msimu wa joto na msimu wa mvua. Analia waziwazi, kamasi na kila kitu, anasema bibi nisamehe, sikukusahau makusudi.

Bibi anangoja amalize. Kisha anasema kitendawili. Mwantumu anasema bibi, sina mji mwingine, nimebakiwa na huu, nikishindwa nitakuwa mtu wa wapi? Bibi anasema ndiyo maana nakutega, mjukuu wangu. Tega, anasema Mwantumu, na sauti yake ni ya mtoto. Watoto wangu tisa wako mezani, wa kumi anabisha kwa kisigino.

Upepo unasimama. Korona inanyamaza. Mwantumu anataka kusema sahani, anataka kusema miezi, anajizuia, anauma ulimi. Tisa mezani. Mchele unadondoka kwenye ungo. Na hapo, polepole, kutoka mahali asipopajua kwamba anapo, linamjia jambo la jikoni: jioni moja bibi anamfundisha kuhesabu. Mtoto anashika vidole vya bibi ndani ya giza la kanga, asivione, anavipapasa kimoja kimoja, moja, mbili, tatu, mpaka tisa, na ikifika kumi bibi anapiga kisigino sakafuni, ndu, na wote wawili wanacheka. Alidhani dunia nzima inahesabu hivyo. Siku ya kwanza shuleni mwalimu alimwita mbele, akahesabu mpaka tisa na kupiga kisigino, darasa likaangua kicheko, na jioni hiyo alijifunza kuhesabu kama wengine na la bibi akalizika kwa haya. Vidole tisa. Tisa ndivyo alivyokuwa navyo.

Hajibu kwa mdomo. Anasimama, ananyanyua mguu, anapiga kisigino ardhini. Bibi anatoa mkono wa kushoto ndani ya kanga na kuuinua, na Mwantumu anauona kwa mara ya kwanza: vidole vinne, na penye cha pete pana nafasi ambayo korona iliiacha. Ni mkono wa bango. Kila unyoofu wake, kila kupinda kwa kidole gumba, mchongaji hakukosea hata unywele mmoja. Mwantumu anafungua kifurushi, anasema nimekuletea, bibi, nimekirudisha. Bibi anakitazama kile kidole chekundu, jinsi asiye na macho anavyotazama. Ukinirudishia, anasema, watajuaje? Anaikunja ile karatasi, anamrudishia kiganjani. Kitoe uliponiwekea. Na usinisaidie tena bila kuniuliza. Kisha anaanza kuivuta kanga kutoka kichwani, taratibu, kama mtu anayetaka kuonekana, na Mwantumu anajua kwamba chini yake safari hii kuna uso, anaona ukingo wa paji, anapiga kisigino tena kwa furaha, ndu, ndu, na ardhi inapasuka kwa mlio huo.

Feni inazunguka. Shavu limeganda kwenye kitambaa. Kutoka chini ya sakafu, kwa fundi, mtu anagonga mara moja, kama anayemwambia anyamaze, na Mwantumu anasema samahani kwa sauti kabla hajafungua macho vizuri. Kisigino kinamuuma. Anainua kichwa, anakitazama kitambaa, anakitazama tena. Mkono una vidole vinne. Penye cha tano kitambaa ni cheupe, hakina hata doa, na wino haung'oki hivyo, kila mchapaji anajua. Anaiwasha kompyuta: huko nako vinne, na mchoro umehifadhiwa leo, saa tisa na nusu, wakati alipokuwa amelala. Au hakuwa amelala. Anakwenda dirishani kupata hewa. Duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, ambalo lilikuwa na jina la mji huu kwenye kibao chake, limepigwa chokaa mpya, na pale penye jina la mji pako wazi, peupe. Pengine fundi rangi ataliandika kesho. Anajaribu kukumbuka kama jana palikuwa hivyo na hakumbuki.

Saa kumi na moja Bi Mwanamvua anabisha. Ni mwanamke mpana, mwenye viatu vya kiwandani, na anashangaa kwanza kwa anachokiona usoni mwa Mwantumu, halafu bila kuuliza analowesha ncha ya kanga yake kwa mate na kumpangusa shavu, jinsi mama anavyompangusa mtoto anayekwenda shule. Umejichapa kidole hapa, anasema. Mwantumu anasimama tuli. Ni muda mrefu sana tangu mtu amguse uso. Kisha Bi Mwanamvua anakiona kitambaa, anauweka mkono wake wa kulia juu ya ule uliochapwa, mfupa kwa mfupa. Anaeleza kwamba picha ya asubuhi waliitazama wote wakati wa chakula, na wenzake wakasema aliyechora huu hajawahi kusimama mbele ya mashine, na mmoja akatoka nje kwa hasira, yule aliyeumia mwezi uliopita. Mwantumu anaichukua barua ya madai kutoka chini ya kopo la wino na kuusoma ukurasa wa pili akiwa amesimama. Mashine zisizo na vizuizi. Orodha ya mikono. Majina kumi na moja.

Kwa hiyo nakuuliza tena, anasema Bi Mwanamvua. Mkono wa nani?

Wa bibi yangu. Siwema binti Mbaruku.

Na wewe mtu wa wapi?

Mwantumu anafungua mdomo na miji haipo. Anahisi mahali ilipokuwa, kama jino lililong'olewa. Umebaki mmoja, nao anautaja. Kwamzizi. Bi Mwanamvua anaitikia kwa kichwa, anasema avichape vyote mia mbili, na jina la bibi liandikwe chini kwa herufi ndogo, bibi hahitaji tena kujificha. Anakunja kitambaa, anakiweka kifuani. Akiwa ngazini Mwantumu anamwita, anamuuliza kama ana safari yoyote ya kupitia Muheza, maana yeye ana dada huko. Muheza? anasema Bi Mwanamvua, na uso wake ni wa mtu asiyelijua jina hilo, au ni wa mtu aliyetoka zamu iliyoanza alfajiri na amechoka tu, kisha anaaga na kwenda. Mwantumu anashuka kumsindikiza mpaka mlango wa barabarani. Mlango wa fundi umefungwa kwa kufuli, kama kila Ijumaa, na vumbi limetulia kwenye kitasa.

Anapanda tena. Anaketi kwenye kigoda na kutazama simu yenye namba ya dada yake, haipigi, anaogopa kuambiwa hana dada na anaogopa zaidi kuambiwa alikuwa wapi siku zote hizi. Hajui kama ameamka, au kama yule mzee mlangoni ndiye aliyeamka na yeye ndiye anayeotwa. Anaweka mikono mezani, anakunja kidole cha pete cha kushoto. Anahesabu kwa sauti, taratibu, mpaka tisa. Ananyanyua mguu na kupiga kisigino sakafuni.

Kule chini, ndani ya duka la fundi lililofungwa, kisigino kinajibu mara moja. Mwantumu anangoja, machozi yanamtoka, halafu anavuta pumzi na kuanza tena. Moja.